Wajibu wa Baba kwa Mtoto Mchanga

Baba wa mtoto wa kwanza ana wajibu tangu siku mtoto anapozaliwa, na wajibu huo haumaliziki kwa kutoa pesa za nepi, kanga na supu ya mzazi. Sehemu nyingi za Tanzania, siku arobaini za mwanzo huhesabiwa kuwa za wanawake: mama mzaa chema, wifi na majirani huingia chumbani, na mwanamume hubaki barazani akipokea pongezi. Msaada huo ni mkubwa, wala haufai kubezwa. Lakini wageni huondoka, na mijini wako wazazi wengi wasio na ndugu wa karibu wa kuwasaidia. Hapo baba aliyekaa pembeni hujikuta hajui hata kumshika mwanawe. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema kazi hiyo ni ya mama peke yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa baba mwajiriwa angalau siku 3 za likizo yenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku hizo ni chache, kwa hiyo haifai kuzimalizia kwenye sherehe na marafiki. Zimewekwa ili awepo nyumbani.

Kazi yake ya kwanza ni kulinda unyonyeshaji. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza, mazito na ya njano, ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, yana kinga dhidi ya maradhi. Kisha kwa miezi 6 mtoto apewe maziwa ya mama tu: asipewe maji hata wakati wa joto, wala uji mwepesi, wala mitishamba ya chango. Mara nyingi anayeshauri vitu hivyo ni bibi wa mtoto, na mzazi aliyechoka hawezi kubishana na mama mkwe. Baba ndiye mwenye nafasi ya kumwambia mama yake mzazi kwa adabu kwamba kliniki imeagiza vingine. Akinyamaza hapo, amemwacha mkewe peke yake.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo. Mama anayenyonyesha hivyo hana nguvu za kuteka maji, kufua na kupika. Hizo ziwe kazi za baba, na asingoje kuombwa. Mtoto akishiba, baba ampokee, amweke begani mpaka abeue, ambadilishe nepi, kisha amlaze chali ndani ya chandarua chenye dawa. Kilio huzidi katika wiki za mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Baba akiona uvumilivu unamwishia, amlaze mtoto mahali salama na kutoka nje kidogo. Asimtikise kamwe, maana kutikiswa huweza kuharibu ubongo na hata kuua.

Usafi nao ni wajibu wake. Kila anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni, na baba asione haya kuwakumbusha wageni. Kitovu kiachwe kikavu. Kisipakwe majivu, mafuta wala kinyesi cha mifugo, kwa kuwa vitu hivyo huingiza vijidudu, vikiwamo vya pepopunda.

Baba azijue dalili za hatari: mtoto kukataa kunyonya, kulegea, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea anapovuta pumzi, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili kuwa baridi, viganja na nyayo kuwa vya njano, au kitovu kutoa usaha. Dalili mojawapo ikitokea, apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Degedege si kazi ya mashetani, na kumngoja mganga ni kupoteza saa za kumwokoa. Nauli ya dharura iwekwe mapema.

Mama naye aangaliwe. Kutokwa na damu nyingi, homa, maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu ni mambo ya kumkimbiza hospitali. Kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya kujifungua. Huzuni ikizidi wiki 2, huenda ni sonona inayohitaji matibabu, na si haki kuiita deko.

Imani ya kubemenda, kwamba mtoto hudhoofika wazazi wake wakikutana kabla hajaacha ziwa, imewapa wanaume wengi kisingizio cha kutafuta nje. Kinachomdhoofisha mtoto ni lishe duni na maradhi. Na virusi vya UKIMWI vikiletwa kutoka nje, huweza kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama. Yafaa wazazi waende pamoja kliniki katika wiki ya sita na kuzungumzia uzazi wa mpango, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani hushauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine.

Wiki hiyo ya sita ni ya chanjo pia, kisha ya 10 na ya 14, baada ya zile za kifua kikuu na polio zinazotolewa mtoto anapozaliwa. Baba azijue tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Asajili kizazi ndani ya siku 90, ili cheti kisije kutafutwa kwa taabu wakati wa kuandikisha shule.

Miezi 6 ikitimia, mtoto huanza uji mzito na vyakula laini huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kuanzia hapo baba ahakikishe nyumbani mna mayai, dagaa, maharage, mboga na matunda, na ajifunze kumlisha mwanawe kwa mkono wake.