Mwanao ana tuisheni, na yule wa jikoni?
Na Zuhura Makame

Kijana wa miaka 15 asiyeosha hata sahani aliyolia hajalelewa, na asiniambie mtu kwamba ni wa kwanza darasani.

Jumatano nilikwenda Mbezi kumpa pole rafiki yangu aliyeteguka mguu. Tumekaa sebuleni, mwanawe wa kidato cha pili kajilaza kwenye kochi na simu yake. Akashikwa na kiu. Friji iko palepale, angejinyoosha kidogo angeifikia. Akapaza sauti: "Dada! Maji!" Binti wa kazi akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga wa chapati, akaifuta kwenye kanga, akamimina maji, akampelekea. Kijana akapokea bila kuinua macho. Asante hakusema.

Damu ilinichemka. Nikamuuliza mama mtu: mguu wako umefungwa bandeji, huyu anakusaidia nini?

"Mwache shoga yangu, ana tuisheni. Halafu siku hizi kumtumikisha mtoto ni kosa."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hiyohiyo inayopiga marufuku kumtumikisha mtoto, katika kifungu cha 15 inampa mtoto wajibu wa kuwasaidia wazazi wake wanapohitaji msaada. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 nao unasema hivyo katika ibara ya 31. Kumtoa mtoto shuleni akaponde kokoto ni kumtumikisha. Kudeki chumba anacholala mwenyewe ni malezi.

Tuisheni ndiyo iliyotuharibia watoto. Gari la shule linampitia alfajiri, anarudi magharibi, Jumamosi masomo tena. Mzazi anaingiwa na huruma, anamfulia mpaka soksi. Kisha tunampeleka bweni, anapiga simu analia kwa sababu kola ya shati haitakati.

Kwetu Tanga mama hakutenga kazi za wavulana na za wasichana. Kaka zangu walikuna nazi na kuchambua mchele, na aliyechambua ovyo aliling'ata jiwe mbele ya nyumba nzima. Ndoo tuliibeba kichwani kutoka bombani, kwa hiyo hakuna aliyemwaga maji ovyo. Adabu ya kazi tuliipata hapo, pamoja na kujua kwamba chakula hakijipiki na kuna mtu anachoka ili sisi tule.

Hilo la mwisho ndilo kijana wa Mbezi ananyimwa. Nilipoingia jikoni kuosha kikombe changu, nilimuuliza yule binti umri wake. Miaka 15. Aliacha masomo kidato cha kwanza, akaletwa mjini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Basi ndani ya nyumba moja wamo watoto wawili wa umri mmoja, na mmoja anafundishwa kila siku kwamba mwenzake ameumbwa kumtumikia. Atakwenda na somo hilo ofisini kwake, na nyumbani kwa mkewe.

Rafiki yangu, najua unanisoma. Umesema vema kwamba kumtumikisha mtoto ni kosa. Mrudishe binti huyo shuleni, umlipie na tuisheni. Chapati atasukuma mwanao.