TDR ikisema hakuna malaria, kwa nini mtoto bado anapewa dawa ya malaria?

Mtoto anafikishwa kwenye kituo cha afya cha mtaani, Kadutu ama Panzi, homa ikiwa kali siku ya pili. Anatapika, analia kichwa na mifupa. Anatobolewa kidole, TDR inatoa mstari mmoja tu: hakuna malaria. Na bado anarudi nyumbani na dawa ya malaria, antibiotiki ya « tifoide » na sindano ya diclofenac ili homa ishuke haraka. Wazazi wa Bukavu wanaijua hadithi hiyo, na ndio wanaoilipa.

Kupima malaria kwanza ni sawa, maana inaua watoto wengi. Lakini kipimo kikishasema hapana, kukitupa ni kufunga macho. Moja ya magonjwa yanayoweza kujificha nyuma ya homa hiyo ni dengue, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kidingapopo. Dar es Salaam iliipata kwa nguvu mwaka 2014, tena 2019. Inaletwa na mbu aina ya Aedes, ambaye anauma mchana. Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii.

Ubaya wa dengue kwa mtoto ni kwamba inadanganya. Kati ya siku ya 3 na ya 7 homa inashuka, mama anashukuru Mungu, kituo kinamruhusu mgonjwa. Kumbe kwa watoto wengine hatari inaanza saa ile ile: maji ya damu yanavuja nje ya mishipa, presha inaanguka. Tumbo linauma sana, kutapika hakuishi, fizi ama pua vinatoa damu, mikono na miguu inakuwa baridi, mtoto analegea ama anahangaika bila sababu. Huyo arudishwe hospitali mara moja, hata usiku. Akipewa maji kwa kipimo na kuchungwa karibu, anaweza kupona. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo bado. Na ile diclofenac, sawa na ibuprofen na aspirini, inaongeza hatari ya kutoka damu. Paracetamol inatosha. Wenye farmasi wanaopiga sindano nyuma ya kaunta, hili linawahusu wa kwanza.

Kuna wanaojibu kwamba Bukavu iko juu, karibu mita 1500, kuna baridi, mbu huyo hapapendi. Ni kweli kwamba joto la bonde linamfaa zaidi. Lakini je, watoto wa Bukavu hawaendi likizo Uvira? Hawapiti Kamanyola? Dengue inaanza kuonekana siku 4 mpaka 10 kisha kuumwa na mbu, maana yake mtoto anaweza kuipatia bondeni na kuugulia Kadutu. Kumuuliza mzazi « mlitoka wapi wiki iliyopita? » hakuombi bajeti ya wafadhili.

Tena jimbo hili halikosi uwezo wa kutafuta. Mwaka 2023, aina mpya ya mpox ilijulikana kutoka Kamituga, hapa hapa Kivu Kusini, kwa sababu kuna watu walikataa kuridhika na jibu jepesi na sampuli zikapelekwa maabara. Kwa homa za watoto, bidii hiyo iko wapi? Viongozi wa afya wa jimbo waagize kila kituo kihesabu homa zenye TDR ya « hapana », na sehemu ya damu hizo ipimwe dengue. Bila kupima, hakuna anayeweza kuapa kwamba haipo, wala kwamba imejaa.

Wakaaji nao wana sehemu yao. Mabomba yakikauka, kila nyumba inaweka maji katika mapipa na mabidoni. Hakuna wa kuwalaumu kwa hilo, lakini pipa bila kifuniko ni nyumba ya Aedes, na tairi la zamani lenye maji ya mvua vilevile. Lifunikwe, lioshwe na kusuguliwa ndani kila wiki, kwa sababu mayai yanabaki yameshikamana kwenye ukuta wa pipa hata maji yakimwagwa.

Na mama aliyeambiwa « hakuna malaria » ana haki ya kuuliza, mbele ya kulipa dawa: basi mtoto wangu ana nini?