Dawa Tumepata, Aibu Hatujaitibu

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii imetumika sana katika mafundisho ya afya, na karibu kila mara tumeielekeza kwa mgonjwa: asifiche, aende hospitali, apime. Mwezi huu tunapenda kuigeuza upande wa pili. Ni nani anayemfanya mgonjwa afiche? Na je, Serikali yetu, ambayo imefanya mengi kuhusu dawa za UKIMWI, imefanya ya kutosha kuhusu aibu inayowazuia watu kuzifikia dawa hizo?

Tulikotoka

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wazee wetu wa huko wanakumbuka kwamba ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo zilizouzwa kwa magendo mpakani, kwa sababu watu waliona unawapata wafanyabiashara. Ilipofika mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Mwaka 1988 ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI, chini ya Wizara ya Afya.

Kwa miaka mingi jambo hili likabaki la wizara moja. Wagonjwa walirudishwa vijijini kufa, bibi wakabaki na wajukuu, na matangazo yalisema zaidi juu ya kifo kuliko juu ya matunzo. Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Sera ya Taifa ya UKIMWI ikatoka mwaka 2001, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuunda Tume ya Kudhibiti UKIMWI, yaani TACAIDS. Tamko la Rais lilikuja miaka kumi na sita baada ya wale wagonjwa watatu wa Kagera. Jirani zetu wa Uganda walianza kusema waziwazi mapema zaidi, kwani Rais Museveni alilizungumza jambo hili hadharani tangu mwaka 1986.

Hatusemi haya ili kulaumu waliopita. Tunayasema kwa sababu yanafundisha kwamba neno la kiongozi ni sehemu ya tiba. Huko Afrika Kusini, Rais Thabo Mbeki alitilia shaka kwamba virusi ndivyo vinavyoleta UKIMWI, na Serikali yake ikachelewa kugawa dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba kuchelewa huko kati ya mwaka 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Kazi iliyofanyika

Kwa upande wa tiba, sifa wastahilio wapewe. Tangu Oktoba 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinatolewa bure nchini mwetu. Hospitali za Serikali na za mashirika ya dini zimeibeba kazi hiyo pamoja. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani Dar es Salaam walipozindua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari. Tangu mwaka 2016 anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga yake ishuke. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima bila idhini ya mzazi, na mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe.

Palikuwa pia na mahali pa kuteleza. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Baadhi ya viongozi wa Serikali nao walikwenda. Wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa, nao walidhurika. Hatumhukumu marehemu. Lakini tunajiuliza: kwa nini watu wengi kiasi hicho walipendelea kikombe kimoja porini kuliko kidonge cha kila siku kwenye kliniki ya jirani? Jibu moja ni kwamba kikombe kilinywewa na wote, wa kisukari na wa shinikizo la damu. Aliyekinywa hakujulikana anaumwa nini. Kliniki ilikuwa na mlango wake peke yake, na kila mpita njia aliujua.

Hesabu inayosema ukweli

Tuangalie sasa hesabu za utafiti wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023. Kati ya watu wazima wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 4.4 walikuwa na virusi. Katika mkoa wa Njombe ilikuwa asilimia 12.7. Maambukizi mapya kwa watu wazima yalikadiriwa kuwa kama 60,000 kwa mwaka.

Sasa wachukue watu 100 wenye virusi. Utafiti huo ulionyesha kwamba kama 83 kati yao walijua hali zao. Karibu wote waliojua, yaani 98 katika kila 100, walikuwa wanatumia dawa. Na waliotumia dawa, 94 katika kila 100 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Ukipiga hesabu yote pamoja, katika wale 100 wa mwanzo kama 76 virusi vyao vimelala, na 24 bado viko macho. Katika hao 24, kiasi cha 17 ni watu ambao hawajui kabisa kwamba wana virusi.

Tuzingatie jambo hili, ndugu wasomaji. Mtu anayemeza dawa vizuri na ambaye virusi vyake vimefubazwa hata havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hili limethibitishwa na tafiti kubwa. Hivyo basi anayeendeleza maambukizi kwa sehemu kubwa siye yule tunayemwona akienda kliniki na kadi yake, yule tunayemnyooshea kidole. Ni yule asiyejua, ambaye hanyooshewi kidole na mtu. Na kwa nini hajui? Vipimo vipo na ni bure. Wengi wao, hasa wanaume na vijana, wanaogopa kuonekana wakipima.

Kwa hiyo tunasema bila kusita: aibu si jambo la adabu tu. Aibu ni njia ya maambukizi. Anayemcheka jirani kwa kusema "ana ngoma" au "amekanyaga waya" anamfundisha kijana wake mwenyewe asiende kupima.

Sheria yenye mikono miwili

Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI. Kwa mkono mmoja sheria hiyo inakataza unyanyapaa na ubaguzi, inalinda siri ya majibu, na inasema kupima ni kwa hiari isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Kwa mkono wa pili inaweka kosa la kumwambukiza mtu kwa makusudi, adhabu yake kifungo cha miaka mitano hadi kumi. Tena inamtaka aliyegundua ana virusi amwarifu mwenzi wake mara moja.

Hatumtetei anayeambukiza kwa makusudi. Ni uovu. Lakini tuangalie sheria hii inavyosikika kijijini. Mama mjamzito anapima kliniki na mumewe hajapima. Yeye ndiye wa kwanza kujua, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kulaumiwa kwamba ameleta ugonjwa nyumbani. Ametakiwa aseme mara moja, wakati hana hakika kama atalala ndani au nje usiku huo. Asiyepima hana la kuarifu na hashtakiwi kwa makusudi. Hivyo mkono wa pili unaweza kumfundisha mtu kwamba usalama wake ni kutojua, na huko ndiko tusikotaka aende.

Mkono wa kwanza, ule unaokataza unyanyapaa, haujulikani vijijini kama unavyojulikana wa pili. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kumsikia mtendaji wa kijiji akiutangaza kwenye mkutano wa hadhara? Ni wafanyakazi wangapi wa ndani wanaojua kwamba tajiri hana haki ya kuwalazimisha kupima?

Tunayoomba kwa Serikali

Kwanza, mkono wa kwanza wa sheria utumike. Anayemfukuza mtu kazi, anayemnyima mtu chumba cha kupanga au anayetoa siri ya mgonjwa afikishwe mahali panapohusika, na watu wapate habari kwamba amefikishwa.

Pili, wanasheria na wabunge wakitazame upya kifungu cha adhabu, na mama anayeogopa kipigo apate msaada wa mshauri wa kuzungumza na mumewe badala ya kuachwa peke yake na amri.

Tatu, tiba ya UKIMWI ichanganywe na tiba nyingine. Mlango wa kisukari, wa shinikizo la damu na wa UKIMWI ukiwa mmoja, hakuna atakayejua jirani amefuata nini. Leo wapo wanaopanda basi kwenda kliniki ya wilaya nyingine kwa sababu tu hapa kwao wanajulikana. Siku nauli ikikosekana, na dawa inakosekana. Wapo wanaohamishia vidonge kwenye karatasi ili kopo lisisikike mfukoni. Vidonge vilivyotolewa kwenye kopo lake huharibika kwa unyevu.

Nne, fedha. Tangu Marekani ilipoanzisha mpango wake wa dharura wa UKIMWI mwaka 2003, sehemu kubwa ya gharama zetu za dawa na vipimo imetoka nje. Januari 2025 Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ghafla nchi nyingi za Afrika zikatambua kwamba kidonge cha raia wao kiko mkononi mwa mtu mwingine. Tanzania iliunda Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI mwaka 2015. Mfuko huo ujazwe kwa kodi zetu wenyewe kabla ya mambo mengine yasiyo ya lazima. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na katika jambo hili methali isichukuliwe kama mzaha.

Swali linaloulizwa parokiani

Wako wanaotuuliza: "Mkiwaondolea watu aibu, hamwoni kwamba mtaongeza uasherati? Heri waogope." Tunalielewa swali hili, nalo linatoka kwa wazazi wenye uchungu na watoto wao. Mafundisho ya uaminifu katika ndoa na ya kujitunza kabla ya ndoa yanabaki palepale, na Kanisa halijayabadili. Lakini aibu tunayoisema hapa haimpati mtu kabla ya kosa. Inampata baada ya kuugua, na inampata hata asiye na kosa lolote: mke mwaminifu, mtoto aliyezaliwa na virusi, binti aliyebakwa. Tumekuwa na aibu hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Kama ingekuwa kinga, ugonjwa huu ungekwisha zamani.

Yako pia makanisa yaliyowahi kudai cheti cha kupima kabla ya kufungisha ndoa. Wachumba kupima pamoja ni jambo jema sana, na tunalihimiza. Lakini majibu ni ya hao wawili. Karatasi ikipita mikononi mwa katekista, mwenyekiti na karani, siri imekwisha, na wachumba wengine wataamua kuishi bila ndoa.

Kwetu sisi wenyewe

Serikali haiwezi kuingia katika kila nyumba kukagua maneno yetu. Hapo ni zamu yetu. Wazazi, semeni na vijana wenu juu ya kupima kama mnavyosema juu ya malaria, na baba awe wa kwanza kwenda. Katika jumuiya ndogo ndogo, mgonjwa akitembelewa asiulizwe ameupata wapi. Aulizwe kama amekula, kama dawa hazijamwishia na kama anayo nauli ya kliniki. Mtu akikwambia siri yake, ikomee kwako, hata kama unataka kumwombea. Sala haihitaji kutaja ugonjwa mbele ya watu.

Na wewe unayemeza dawa kwa kujificha, usiache hata siku moja. Wewe si hatari kwa familia yako. Kwa kumeza kidonge chako kila siku umekwisha ifanyia nchi hii kazi ambayo wengi wanaokusema hawajaifanya: umepima, umejua, na umekata njia ya maambukizi.