Sigara Ileile, Onyo Tofauti

Malori yanayotoka Kahama kwenda mipakani Rusumo na Kabanga hupita Runzewe, wilayani Bukombe, na mengi husimama hapo. Dereva anakula, ananyoosha mgongo, ananunua sigara. Akiwa amezoea pia njia ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ataona tofauti upesi: pakiti ya Tanzania ina onyo la maandishi, basi. Za Kenya na Uganda zina picha za maradhi ambazo hata asiyejua kusoma anazielewa.

Si kwamba tulichelewa kuanza. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, Kenya walipata yao 2007 na Uganda 2015. Ila wenzetu walisonga mbele. Kanuni za Kenya za 2014 zilipodai picha na masharti mengine, kampuni ya sigara ya BAT ilikwenda mahakamani, ikashindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Rufani, na Novemba 2019 ikashindwa Mahakama ya Juu. Uganda wanataka onyo lifunike asilimia 65 ya pakiti, mbele na nyuma. Huko nako BAT ilishtaki, na mwaka huohuo wa 2019 Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi.

Kwetu hoja inayosikika kila mara ni mkulima. Bukombe ni wilaya ya tumbaku, na anayeijua kazi ya kukata kuni za bani la kukaushia tumbaku na kukesha akichunga moto hawezi kuidharau hoja hiyo. Lakini haikai sawasawa. Sehemu kubwa ya tumbaku yetu huuzwa nje, kwa hiyo picha kwenye pakiti ya dukani Runzewe haiwezi kuitikisa sana bei ya mkulima. Tena Migori kule Kenya wanalima tumbaku, na Arua kule Uganda wanalima, na picha zimewekwa.

Gharama ya kuchapa nayo ni kisingizio. Mwanahisa mkuu wa kampuni yetu ya sigara, TCC, ni Japan Tobacco, wanaouza pia Thailand, ambako onyo la picha hufunika asilimia 85 ya pakiti.

Hoja nzito ya wanaozipinga picha ni nyingine, na ajabu hawaitumii. Tazama sigara inavyouzwa. Pakiti imefunguliwa juu, imewekwa nyuma ya wavu karibu na vocha na pipi. Mteja anapitisha sarafu, anapewa sigara moja, anawasha kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba dirishani, anaondoka. Pakiti hakuigusa wala hakuiona. Onyo lote, liwe la maneno au la picha, limebaki kwa muuza duka. Ndiyo maana sheria za Kenya na Uganda zimekataza kuuza sigara mojamoja, ingawa ukipita vibanda vya Nairobi utaona jinsi katazo hilo linavyochezewa. Sisi tukiiga picha tukaacha suala la rejareja, tutakuwa tumemwonya muuza duka.

Na ukanda huu wa machimbo una sababu yake ya kutaka onyo linalosema kitu mahususi. Mchimbaji anayeshinda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anavuta vumbi la mwamba lenye silika. Silika huharibu mapafu na kuyafungulia njia kifua kikuu, na moshi wa sigara unaongeza hatari hiyohiyo. Kumwambia mtu huyu kwamba sigara ni hatari kwa afya ni kumwambia asilolikataa na lisilomgusa. Mwonyeshe mapafu. Mwandikie TB, neno analolisikia zahanati na kambini.

Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia mwaka 2007, nao unaruhusu picha waziwazi. Wizara ya Afya ikipeleka marekebisho bungeni, vifungu hivi viwili viende pamoja: picha kwenye pakiti, na marufuku ya kuifungua kuuza mojamoja. Kikienda cha picha peke yake, dereva wa Rusumo ataiona picha kwa sababu hununua pakiti nzima. Kijana wa karasha hataiona.