Ile Kompyuta Haikuwa Yetu Sote

Nimeichoka hadithi ya kompyuta ya kwanza nyumbani, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa wasimulizi wake hodari. Mnaijua. Wanaume wa rika langu, thelathini na ushei tunaichungulia arobaini, tumekaa baada ya ubwabwa wa harusi. Mmoja anataja Windows 98. Mwingine anaiga mlio wa modemu ikitafuta laini ya simu. Wa tatu anaapa kwamba mtaa mzima hakukuwa na wa kumshinda Solitaire. Tunacheka hadi machozi. Kisha anatafutwa kijana wa karibu mwenye simu mkononi ili apewe somo: sisi tulijifunza, nyie mnaperuzi tu, sisi tulikuwa na kompyuta, nyie mna kioo cha kugusagusa.

Safari hii kijana wa karibu alikuwa mpwa wangu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema, "Lakini mjomba, mama anasema hiyo kompyuta yeye hakuwahi kuitumia."

Nikamjibu kwamba mama yake anatania. Hatanii, na nilijua hatanii wakati huohuo mdomo ukiwa wazi.

Basi niisimulie upya, safari hii na dada akiwamo.

Mwishoni mwa 2003 baba alirudi Tanga na basi la usiku kutoka Dar es Salaam, na maboksi mawili aliyoyapakata kama mayai. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na fedha alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo cha walimu. Akaenda Kariakoo akanunua mtumba kutoka Ulaya: Pentium III, ramu ya megabaiti 64, diski ya gigabaiti 10, na monita nzito yenye kisogo kirefu ambayo ilihitaji meza yake peke yake. Akaiweka sebuleni. Mpango ulikuwa kuchapa mitihani ya majaribio ya shule za jirani kwa malipo, ili kompyuta ijilipe yenyewe. Nilikuwa na miaka 13, ndiyo kwanza kidato cha kwanza. Dada alikuwa na 16, amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo.

Angalieni hapo. Katika nyumba nzima, mtu pekee aliyekuwa na muda wa siku nzima, hatua tano kutoka kwenye kompyuta, alikuwa dada. Na yeye ndiye aliyefuma kile kitambaa cheupe cha kuifunika. Kila asubuhi alikiondoa, akafuta vumbi, akakirudisha, akaenda jikoni. Mimi nikirudi shule nilivua viatu na kukaa.

Na nilijifunza kweli, hilo sikatai. Nilijifunza kuchora kwa Paint, kuhifadhi kazi kwenye disketi ya megabaiti 1.44 na kuomba isiharibike. Nilijifunza Kiingereza kisichofundishwa darasani. Kulikuwa na ule ujumbe maarufu wa Windows 98 uliosema programu imetenda jambo lisilo halali na itafungwa. Siku ya kwanza nilimtafsiria mama neno kwa neno. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama na sisi tutafungwa.

Siku iliyonifundisha zaidi ya zote ilikuja mwaka uliofuata. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa ameniambia kwamba ukipunguza takataka mashine inakuwa nyepesi. Nikafungua folda ya Windows, nikakuta mamia ya mafaili yanayoishia na dll ambayo ukiyabofya hayaonyeshi kitu. Takataka zenyewe, nikasema. Nikaanza kufuta. Mengine yalikataa, mengi yakakubali. Kesho yake asubuhi kompyuta iliwaka hadi kwenye maandishi meupe juu ya weusi, ikagoma hapo. Ndani yake kulikuwa na mitihani ya shule tatu ambayo baba hakuwa ameihifadhi kwingine.

Baba alikuwa mwalimu wa enzi zile, fimbo haikuwa mbali. Hakuigusa. Alimwita fundi, akavuta stuli pembeni yake, akaniambia, "Kaa hapa, uangalie ulichokiharibu kinavyotengenezwa." Fundi akatoa bisibisi, akafungua ubavu wa kile kiboksi ambacho sote tulikiita sipiyu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ndani hamna muujiza: waya, feni, vumbi, vipande vinavyochomeka na kuchomoka. Akachomoa ramu, akasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, akairudisha. Akanionyesha betri ndogo kama sarafu na kunieleza kwamba ndiyo inayoitunzia kompyuta tarehe, na kwamba yetu imekufa. Kumbe ndiyo maana barua za baba zilikuwa zinatoka na tarehe za miaka iliyopita! Kisha akaingiza disketi ya kuwashia, akaifuta diski yote, akaanza upya. Baba alirudia kuchapa mitihani ile kwa vidole viwili, usiku tatu mfululizo. Tangu siku hiyo wageni waliambiwa, "Huyu ndiye fundi wetu mdogo."

Katika miezi hiyohiyo dada alihamisha waya wa umeme wa kompyuta ili afagie vizuri nyuma ya meza. Hakuna kilichoharibika. Mama akampigia kelele hadi jirani akachungulia: aiache, ataiharibu, haijui.

Mimi niliharibu nikaitwa fundi. Yeye hakuharibu kitu, akaitwa mharibifu. Wenzangu wanaosimulia "kompyuta yetu", jiulizeni hilo "yetu" lilikuwa la nani. Katika nyumba nilizozijua, lilikuwa la baba na mtoto mmoja wa kiume. Dada wa kazi aliifuta vumbi. Watoto wa jirani waliitazama kutoka mlangoni, wamekatazwa kupita zulia. Na hizo ndizo nyumba zilizokuwa nayo. Nchi yenyewe ilichelewa: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na kebo ya kwanza ya intaneti ya chini ya bahari ilifika Dar es Salaam 2009. Wengi wa rika langu wanaojisifia utoto wa kompyuta waliikuta intaneti kafe, wakalipia nusu saa, wakaondoka. Si aibu. Aibu ni kugeuza bahati ya wachache kuwa tabia njema ya kizazi kizima, kisha kuwachapia watoto wa leo.

Maana hoja yetu mezani ni kwamba tulikuwa wavumilivu na wadadisi, na vijana wa sasa ni wavivu. Uongo. Mimi sikuwa mdadisi kuliko dada. Nilichokuwa nacho ni mashine iliyofunguka kwa bisibisi moja, na mzazi aliyeniruhusu kuharibu. Ukiviondoa hivyo viwili, ninabaki kuwa mtoto anayecheza Solitaire.

Sasa mtazame huyo kijana tunayemsema. Simu ya mpwa wangu ni ya mama yake, wanaitumia kwa zamu. Dada anauza keki na vitafunwa; oda zote, anwani, picha za miundo na madeni ya wateja vimo humo. Aliichukua kwa mkopo: kianzio, halafu kiasi fulani kila siku kwa pesa ya simu. Simu hiyo haifunguki. Betri imegandishwa ndani kwa gundi, na fundi wa mtaani akiigusa wanasema dhamana imekufa. Na ukikosa malipo, inajifunga.

Mwaka jana ilijifunga siku mbili kabla ya Idi. Alikuwa ameuguza mtoto, pesa ikaenda hospitali. Akaamka akakuta kioo chote kina tangazo moja la kumdai. Wateja wanapiga, haipokei. Oda za sikukuu zimo ndani, hazisomeki. Alikwenda kwa jirani kuomba simu apige kwangu, na alichoniomba hakikuwa hela. Aliniuliza, "Wewe si fundi? Huwezi kuifungua?"

Sikuweza. Miaka ishirini ya kujisifu, na sikuweza.

Na mpwa wangu, huyu mvivu wetu, amejifunza kuhariri video kwenye kioo hichohicho cha inchi sita. Anakata, anaunganisha, anaweka sauti na maandishi, usiku mama yake akilala. Harusi mbili za mtaani ameshazitengenezea video za malipo. Wiki ile simu ilipojifunga, kazi yake nayo ilifungwa humo. Halafu anakuja mezani kuambiwa na mjomba wake kwamba anagusagusa kioo.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Mama asiye na hati ya nyumba wala barua ya mwajiri hakopesheki benki. Hilo kufuli ndilo dhamana yake, bila hilo asingepata simu kabisa. Sawa. Lakini baba naye alikopa. Zilikuwapo siku chama kilimdai, na kuna mwezi alilipa nusu akaenda kujieleza. Katibu wa chama hakuja sebuleni kwetu kuzima monita katikati ya mtihani wa Jiografia. Deni lilikuwa la baba, kompyuta ilikuwa ya baba, na mambo hayo mawili hayakuchanganywa. Mtu anaweza kudaiwa bila kunyang'anywa majina ya wateja wake. Kama ni lazima kufuli liwepo, lisifunge simu za kupokea, lisifunge ujumbe, lisifunge alichokiandika mwenyewe kwa vidole vyake. Nani kati yetu wazee wa Pentium amewahi kulisemea hilo? Tuko bize na mlio wa modemu.

Wala si simu tu. Nimeingia katika shule ya sekondari nikaonyeshwa kwa fahari chumba cha kompyuta: mashine zimefunikwa nailoni, mlangoni kufuli, ufunguo anao mkuu wa shule, na wanafunzi huingia wageni wakija. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba wataziharibu. Nililitambua neno hilo. Ningependa ziharibiwe. Kompyuta mbovu iliyofunguliwa na wanafunzi kumi mezani ina kazi kuliko nzima iliyovikwa nailoni miaka mitano mpaka ikazeeka bila kuguswa. Kama kweli tunaupenda utoto wetu kiasi hiki, tupeleke mashine zetu za zamani huko, na bisibisi, na raba ya kufutia, tuwaache.

Baada ya ile harusi nilikwenda kwa dada kumwomba radhi. Alikuwa anachekecha unga, akanisikiliza bila kuacha kazi. Akasema kibodi ile anaijua hadi leo, herufi ipi iko wapi, kwa sababu alizifuta moja moja kwa kitambaa kila siku. Kisha akacheka.

"Niliwahi kuiwasha, lakini," akasema. "Usiku mmoja tu. Mmelala. Ikapiga ule muziki wake wa kuanza, nikaogopa utawaamsha, nikachomoa waya ukutani."

Naikumbuka asubuhi ya pili yake. Nilipoiwasha, skrini iligeuka buluu ikilalamika kwamba haikuzimwa ipasavyo, ikaanza kujikagua yenyewe. Baba alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akauliza nani kaiwasha. Nikasema umeme utakuwa umekatika usiku. Akakubali. Dada alikuwa amesimama palepale na kitambaa chake mkononi, anatusubiri tumalize.