Mafuta ya Gia Si Mafuta Tu: Dereva Asikatwe Mshahara kwa Kosa la Stoo



Juzi nilikuwa katika gereji moja mjini Fort Portal nikingoja pikipiki ya chama izibwe pancha. Akaingia kijana na Subaru yake, gari la mbio, lile ambalo vijana wa siku hizi hulipenda kwa ngurumo na kasi yake. Gia ya pili ilikuwa ngumu kuingia asubuhi, kwa hiyo alitaka kubadilisha mafuta ya giaboksi. Fundi akamletea kopo. Kijana akaligeuza, akasoma maandishi ya nyuma, akafungua kitabu cha gari, akalinganisha, akalirudisha. Fundi akaleta la pili, nalo likarudi. La tatu ndilo lililokubaliwa.

Kwanza nilicheka. Halafu kicheko kikaniisha. Gari lile hubeba watu wawili au watatu. Mimi najua lori moja la shamba la chai ambalo hubeba majani mabichi mchana, na asubuhi na jioni hubeba wachumaji, kina mama na vijana, wamesimama nyuma wameshikana mabega. Giaboksi ya lori hilo ilitiwa mafuta bila mtu yeyote kusoma chochote. Lilipoharibika, aliyelipishwa ni dereva.

Ndugu, hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo. Watu hudhani mafuta ya gia ni jambo la fundi na karani wa stoo peke yao. Mimi nasema ni jambo la mfanyakazi, kama vile mshahara na likizo. Mafuta yasipokuwa ya giaboksi ile, gia hukataa kuingia, na gia ikikataa katika mteremko, wanaoumia ni sisi.

Nitasimulia yaliyotokea. Mimi niliishia darasa la saba, na kabla ya kuingia kazi ya chama nilikuwa utingo, kisha mpaka grisi katika gereji ya shamba. Kwa hiyo siyasemi haya kwa kusikia. Lori lile lilifunguliwa giaboksi ili kubadilishwa beringi. Wakati wa kulifunga, fundi alitaka mafuta. Stoo ilikuwa na pipa moja tu la mafuta mazito yaliyonunuliwa kwa ajili ya difu, yameandikwa GL-5, 85W-140. Kitabu cha lori lile kinataka GL-4, 80W-90. Msimamizi akasema, "Mafuta ni mafuta, tia." Yakatiwa.

Kesho yake dereva akasema gia ya pili inasaga. Akaambiwa hajui kuendesha. Mtu ameendesha miaka kumi na saba, leo hajui kuendesha! Akasema tena mwezi uliofuata, akaambiwa akiona kazi ni ngumu, wako wengi wanaoitafuta. Mwezi wa nne, akishuka na wachumaji, alitoa gia ya tatu ili aingie ya pili apate kuzuia lori kwa injini. Ya pili ikakataa. Akarudisha ya tatu, nayo ikakataa. Lori likawa huru, linateremka, breki zinapata moto. Akaliegemeza kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Mama mmoja alivunjika mkono, na hakuchuma chai kwa miezi mitatu.

Siku iliyofuata dereva akapewa barua: atakatwa gharama ya giaboksi, kidogo kidogo kila mwezi, kwa uzembe.

Sasa tueleze kwa nini gia ile ilikataa, maana asiyejua hawezi kujitetea.

Ndani ya giaboksi za magari mengi mna ringi za sinkronaiza, na nyingi ni za shaba. Unapovuta gia, ringi hiyo hubana koni ya gia na kuilazimisha izunguke kwa kasi moja na shafti. Kasi zikilingana, meno huingia taratibu bila kelele. Lakini ili ringi ibane, lazima ishike. Ni kama mkono unaoshika jembe: ukiupaka mafuta mengi, mpini huchomoka.

Herufi GL zimewekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, nazo zinaonyesha kazi ya mafuta ya gia. GL-5 yametengenezwa hasa kwa difu, ambako meno husuguana kwa nguvu nyingi huku yakiteleza. Ndiyo maana hutiwa dawa nyingi ya salfa na fosforasi, kwa kawaida karibu mara mbili ya ile iliyomo katika GL-4. Dawa hiyo hulinda chuma. Lakini katika giaboksi ya ringi za shaba inaweza kuleta madhara mawili. La kwanza, ringi huteleza badala ya kushika, na gia husaga. La pili, salfa ya namna fulani, mafuta yakipata moto, hula shaba polepole. Siku hizi yako mafuta ya GL-5 yaliyotengenezwa yasile shaba, lakini kutoila shaba si sawa na kuifanya ishike.

Tena kuna unene. Ile namba yenye W huonyesha mafuta yanavyokuwa katika baridi, na namba ya pili huonyesha yanavyokuwa yakiwa na moto. Katika milima yetu karibu na Ruwenzori, saa kumi na mbili asubuhi ni baridi. Mafuta ya 85W-140 yanakuwa mazito kama asali, na ringi haiwezi kuyakata upesi. Dereva anasukuma gia kwa nguvu, na kila anaposukuma ringi inalika. Mafuta mepesi kidogo, kwa mfano 75W-90 badala ya 80W-90, huifanya gia iingie kwa urahisi asubuhi, ikiwa kitabu kinayaruhusu. Lakini mepesi mno nayo ni hatari, kwa sababu kazi ikiwa nzito na joto likipanda, meno na beringi hukosa utando wa kuyalinda.

Wala msidanganyike kulinganisha namba hizi na za oili ya injini. Vipimo vyake ni tofauti. Mafuta ya gia ya namba 90 yanakaribia unene wa oili ya injini ya namba 40 au 50. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya jambo hili mpaka kukunjana mashati.

Hapa mtaniuliza: je, GL-5 ni mbaya? La hasha. Kopo ambalo kijana wa Subaru alilikubali lilikuwa la GL-5! Katika Subaru nyingi za gia za mkono, giaboksi na difu ya mbele hukaa katika nyumba moja na kunywa mafuta yale yale, kwa hiyo kitabu chake hutaka GL-5, na sinkronaiza yake imetengenezwa kwa kujua hivyo. Honda kwa miaka mingi iliruhusu oili ya injini katika giaboksi za magari yake madogo. Ziko giaboksi zinazotaka mafuta mepesi ya giaboksi za otomatiki. Giaboksi nyingi za Eaton Fuller za malori makubwa zimekuwa zikitumia oili ya namba 50. Na katika trekta nyingi, mafuta ya giaboksi ndiyo hayo hayo yanayoinua haidroliki, na pengine breki nazo hukaa humo humo. Ukitia mafuta ya difu humo, umeharibu gia, haidroliki na breki kwa pamoja.

Kwa hiyo hakuna mafuta yaliyo bora kuliko yote. Bei kubwa si dalili, wala kopo zuri si dalili. Yako yale yaliyoandikwa katika kitabu cha mashine ile, basi. Kijana wa gari la mbio alijua hivyo kwa sababu gari ni lake na fedha ni zake. Msimamizi wa shamba hakujali kwa sababu alijua nani atalipa.

Nisiwe mwenye kusema upande mmoja. Si kila gia ngumu ni kosa la mafuta. Klachi isiyoachia vizuri itafanya gia isage hata ukitia mafuta ya dhahabu. Ringi iliyokwisha haiponywi na kopo lolote. Na madereva nao wana makosa yao: kuweka mkono juu ya gia safari nzima, kukanyaga klachi nusu, kuteremka na gia huru ati kubana dizeli. Hayo tuyaache. Tukitaka haki yetu, mikono yetu iwe safi.

Dereva wetu alikuwa safi. Tulikwenda ofisini na katibu wa tawi tukadai giaboksi ifunguliwe mbele yetu. Mafuta yalipomwagwa katika karai, yalimetameta kama yametiwa unga wa dhahabu. Hiyo ilikuwa shaba ya ringi. Tukaenda stoo, tukasoma pipa. Tukafungua kitabu cha lori, kilichokuwa kabatini, hata plastiki yake haijatolewa. Mkutano wa kwanza walikataa, wa pili wakanyamaza, wa tatu wakasimamisha makato na kurudisha fedha za miezi miwili zilizokwisha kukatwa. Lakini ilituchukua majuma saba, na kisa ni kimoja: dereva alilalamika mara mbili kwa mdomo. Hakuna karatasi. Wao walisema hakusema kitu, na ilikuwa neno lake dhidi ya lao.

Sheria nazo si kimya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Zingatieni neno makusudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hutaka kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kwetu Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja makato yanayoruhusiwa. Kabla hujatia sahihi karatasi yoyote ya kukubali kukatwa, mwombe katibu wa tawi lako akusomee.

Basi ndugu, tufanye hivi.

Kwanza, kila tawi lidai kitabu cha kila lori na kila trekta kiwe gereji, si kabatini kwa meneja. Aina ya mafuta iandikwe kwa rangi juu ya giaboksi yenyewe na juu ya pipa.

Pili, dereva akisikia gia inasaga, aandike siku hiyo hiyo, nakala mbili, moja yake. Asiyejua kuandika amwombe mwenzake. Si aibu. Aibu ni kulipa deni lisilo lako.

Tatu, mafuta yanapobadilishwa, nati ya kujazia ifunguliwe kwanza, ndipo ya chini. Nimeona giaboksi imemwagwa yote, halafu nati ya juu imekataa kufunguka, na lori likalala wiki nzima. Angalieni mafuta yanayotoka: yakimetameta rangi ya shaba, ringi zinalika, yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Na wanaofanya kazi hiyo wapewe glavu na sabuni, kwa maana mafuta yale machafu hayafai ngozini.

Nne, katika mapatano ya kazi yajayo tuingize sharti kwamba hakuna dereva wala fundi atakayekatwa kwa mashine kuharibika mpaka ikaguliwe mbele ya mwakilishi wa chama.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Gia inayosaga asubuhi ni mwiba. Mwenye shamba akiudharau, mguu unaoota tende si wake, ni wa yule mama aliyesimama nyuma ya lori ameshika kikapu. Mkono wake umeunga, lakini haujanyooka sawasawa mpaka leo. Kila nikimwona mizanini nakumbuka maneno yale, "mafuta ni mafuta, tia."

Tusikubali kuyasikia tena. Umoja ni nguvu.