Siku ya Kwanza Ulaya Ni ya Miguu, Si ya Kamera

Wasee, wacha niseme kitu ambacho pengine kitaniharibia biashara: ukienda na mpenzi wako kwa mji mkuu wowote wa Ulaya, siku ya kwanza weka kamera kwa mkoba na mtembee. Ndiyo, mimi, ambaye unga wangu unatoka kwa video. Somo hili nililipata Lisbon, Ureno, na nililipia kwa malengelenge mawili na ugomvi mmoja mkubwa.

Kwanza tuongee pesa, maana presha yote huanzia hapo. Ada ya visa ya Schengen pekee ni Euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hurudishiwi. Ongeza tiketi, bima, mahali pa kulala. Mimi na jamaa yangu tuliweka akiba miezi 14. Mtu aliyejinyima hivyo akishuka kwa ndege hataki kupoteza hata dakika. Jamaa alikuwa na orodha ya sehemu 11 kwa simu, zimepangwa kwa saa. Mimi nilikuwa na orodha yangu ya picha tisa na magauni matatu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Wewe unataka kuona nini?" Shida tulikuja nayo kutoka nyumbani, Lisbon haikuwa na kosa.

Saa tatu asubuhi tulikuwa Praça do Comércio, uwanja mkubwa unaotazama mto Tejo. Hapo palikuwa na kasri la mfalme hadi tarehe 1 Novemba 1755, siku tetemeko la ardhi lilipoangusha sehemu kubwa ya mji. Barabara zilizonyooka nyuma ya uwanja, mtaa wa Baixa, zilipangwa upya baada ya maafa hayo. Stori kama hiyo inataka usimame, uangalie. Sisi? Picha, twende. Rua Augusta: picha, twende. Kwa ile lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyofunguliwa 1902, tulipanga foleni karibu saa nzima ili tupande mita 45. Foleni yote kila mtu ameinamia simu yake.

Halafu Alfama. Huu ni mtaa mkongwe wa mlimani, na jina lake limetoka kwa Kiarabu, neno la maji moto ya kuogea, ndugu ya hamamu yetu ya Kiswahili. Vichochoro ni vyembamba kama vya Lamu, ila huku ni ngazi juu ya ngazi. Na njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vilivyosuguliwa na miguu ya watu mpaka vinang'aa. Mimi nimevaa visigino, eti vinaenda na gauni. Kufika Portas do Sol, mahali unaona mapaa mekundu yakishuka hadi mtoni, nilikuwa nimeteleza mara mbili.

Nikamwambia jamaa anipige picha. Akapiga. Nikasema rudia. Akarudia. Kama mara ya kumi hivi akanirudishia simu, akaniuliza polepole, "Nimekuja huku na wewe, ama nimekuja kukufanyia kazi?"

Manze. Nilimjibu vibaya. Nikamwambia na yeye ananitangulia kama askari jela, akihesabu dakika. Tukakaa kwa ukuta, huyu anatazama huku, yule kule, wapita njia wakidhani tunafurahia mandhari. Nilikuwa nishaanza kufikiria kurudi hotelini peke yangu. Miezi 14 ya kujinyima, na asubuhi moja tu imetufikisha hapo.

Kilichotuokoa ni njaa. Tulishuka kimya, bila ramani. Njiani nikanunua raba za bei ya chini, visigino vikaingia kwa mfuko. Tukatokea Largo de São Domingos, uwanja mdogo karibu na Rossio ambapo Waafrika, wengi wenye asili ya Guinea-Bissau, hukutana kupiga gumzo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu akatuangalia sura zetu, akasema kitu kwa Kireno. Hatukuelewa hata neno. Akacheka, akatuongezea njugu. Na sisi tukacheka.

Mahali hapo hapakuwa kwa orodha yangu wala yake. Lakini ndipo tulipoongea kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tukakubaliana: kila mtu achague kitu kimoja tu, mengine yatukute njiani. Mimi nikachagua kutembea kando ya mto. Yeye akachagua kaburi la Vasco da Gama.

Kutoka uwanja wa asubuhi hadi Belém ni kilomita kama 6 kando ya maji. Ni kama utoke tao uende Westlands, halafu urudi nusu ya njia. Tulipita chini ya daraja la 25 de Abril, lililofunguliwa 1966 likiitwa jina la dikteta Salazar, kisha likapewa jina jipya baada ya mapinduzi ya 1974. Tuliongea mambo ambayo Nairobi hatupati nafasi: madeni, mamake, kama kweli tunataka kuoana.

Kaburi liko ndani ya kanisa la Jerónimos, karibu na mlango. Sanamu yake imelala, mikono imeunganishwa kama anaomba. Sasa, jamaa yangu ni wa Malindi. Amekua akiiona nguzo ya Vasco da Gama kule baharini. Alisimama hapo muda mrefu, halafu akasema tu, "Kumbe ndiye huyu."

Nje, kando ya mto, kuna mnara wa Padrão dos Descobrimentos, wa 1960, wenye sanamu 33 za watu wanaohusishwa na safari za Wareno baharini. Marubani wao wamo. Lakini rubani ambaye mfalme wa Malindi alimpa da Gama mwaka 1498 ili avuke hadi India, hayumo. Jamaa alimtafuta upande mmoja, akazunguka, akamtafuta upande wa pili. Aliniambia swali hilo amekuwa nalo tangu darasa la nne: yule mtu wetu alienda wapi?

Kama tungefuata orodha, tungekuja kwa tramu, dakika 20, gauni la tatu, twende. Nisingejua kamwe kwamba ninayempenda anatembea na swali kama hilo.

Najua mtasema: doo yote hiyo, halafu urudi bila picha? Hapana. Siku ya pili piga hata mia. Mnara hauhami. Lakini siku ya kwanza huja mara moja, na ni siku ambayo mji unakuonyesha uliyekuja naye.

Kwa hivyo kabla hamjapanga magauni, pangeni viatu. Na kabla hamjapakua ramani, muulize mwenzako swali moja: "Wewe ungependa kuona nini?" Halafu unyamaze, umsikilize hadi amalize.